Mkimbizi Anapoanza Kukimbia
Tafakari ya mwaka mpya

Usiku wa mkesha mlisikia wenyewe ahadi zilizotolewa mbele ya kanisa. Huyu ataacha pombe, yule atasoma Biblia kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo, mwingine atapatana na shemeji yake. Tulipiga makofi, tukaimba, tukarudi nyumbani kulala. Leo nataka tuulizane jambo moja juu ya ahadi hizo. Nitaliuliza kwa kutumia ahadi yangu mwenyewe ya mwaka jana, maana ya mwenzangu sina ruhusa ya kuisimulia.

Mwaka jana, katika mkesha kama huo, nilisimama nikasema kwamba nitaanza kukimbia kila asubuhi. Watu walicheka. Walicheka kwa wema, lakini walicheka, kwa sababu mimi ni mtu wa miaka 47, shemasi, mwenye tumbo, na tangu nifike hapa Nakivale hakuna aliyewahi kuniona nikiharakisha hata mvua ikinyesha. Sababu yangu ilikuwa ya kweli. Mwezi wa kumi na moja nesi alinipima presha, akapima mara ya pili, kisha akasema, "Mzee, dawa nitakupa, lakini na mwili lazima ufanye kazi." Akaniambia nianze kwa kutembea, na nikizoea nikimbie polepole. Mimi neno la kutembea nililiacha pale pale kwa nesi, nikatoka na neno la kukimbia peke yake.

ASUBUHI YA KWANZA

Tarehe 2 Januari niliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado halijaisha. Nilivaa viatu vya mitumba nilivyonunua sokoni, nikatoka mbio kwa njia inayopita kati ya nyumba kuelekea uwanja wa mpira. Nilikimbia kwa nguvu zote, maana nilidhani kukimbia ndiko huko. Sikufika hata nyumba ya ishirini. Nilisikia mlango unafunguka kwa kishindo, kisha mwingine. Mama jirani alitoka na mtoto mgongoni, mwingine amemshika mkono, miguu mitupu, na kwapani amebana ule mfuko wa plastiki ambamo sisi sote tunaweka karatasi zetu. Nyuma yake wakatoka wengine. Mtu mmoja aliuliza kwa sauti ya chini, "Wanatokea upande gani?"

Nilisimama katikati ya njia, ninahema. Hatimaye nikasema, "Hakuna kitu, ndugu zangu. Ninafanya futingi tu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama jirani alinitazama kwa muda, akageuka, akarudi ndani, akafunga mlango. Mtoto wake mdogo alilia mpaka jua lilipochomoza. Nami nilirudi nyumbani kwa kutembea, na swali langu la kwanza likazaliwa hapo: je, mtu ana haki ya kukimbia mahali ambapo kukimbia ni habari mbaya?

NENO MOJA, MAMBO MAWILI

Tazameni lugha yetu. Anayefukuzwa na vita tunasema amekimbia. Anayeshindana uwanjani tunasema amekimbia. Wa kwanza tunamwita mkimbizi, wa pili tunamwita mkimbiaji, lakini majina yote mawili yametoka katika kitendo kimoja. Miguu ni ile ile, moyo unapiga vile vile, jasho ni lile lile. Sasa tofauti iko wapi?

Mwanzoni nilidhani tofauti ni hofu. Lakini nimewaona vijana wetu wakikimbia uwanjani kwa hofu ya kushindwa, na nimemwona bibi yangu akikimbia vita bila hofu yoyote, ana hasira tu. Nikadhani tofauti ni mwendo. Siyo hivyo pia. Tarehe ile tulipotoka Rutshuru, mwezi wa kumi mwaka 2008, kuelekea mpaka wa Ishasha, sehemu kubwa ya njia tulitembea, na bado tunasema tulikimbia.

Someni habari za nabii Eliya katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 18 na ya 19. Mwisho wa sura ya 18 Eliya anakimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, na mkono wa Bwana uko juu yake. Mistari michache baadaye, mwanzo wa sura ya 19, mtu huyo huyo anakimbia tena, safari hii kuokoa roho yake kutoka kwa Yezebeli, mpaka anaanguka chini ya mretemu na kuomba afe. Ni mtu mmoja na miguu ni ile ile. Mbio za kwanza zilimwinua, za pili zilimvunja.

Siku tatu baada ya kuwatisha watu nilikwenda kwa mama jirani kuomba msamaha. Alinipa kiti, akaendelea kuchambua sombe. Kisha akasema: "Shemasi, siku ile ulinitoa roho. Kukimbia kwako siyo tatizo. Tatizo hukusema. Mimi nikiona mtu mzima anakimbia asubuhi na hakusema, siulizi, ninabeba watoto. Usingesema mbele ya kanisa tu, mimi siku ile nilikuwa na mgonjwa, sikuja mkesha."

Ndugu msomaji, nimesoma vitabu kadhaa vya dini na nimehudhuria semina nyingi, lakini jibu la swali langu nililipata kwenye ungo wa sombe. Tofauti kati ya mkimbizi na mkimbiaji ni neno linalotangulia. Anayekimbia vita hasemi kwaheri. Sisi tulipotoka, chungu cha maharagwe kilibaki motoni, na jirani wa mkono wa kushoto alijua tumeondoka alipokuta mlango wazi. Lakini anayekimbia kwa hiari yake anaweza kusema tangu jana: kesho saa fulani nitapita hapa, nitakwenda mpaka pale, na nitarudi. Neno hilo likitangulia, miguu haitishi mtu.

Tulipatana hivi. Nitakimbia saa kumi na mbili na nusu, mwanga ukiwa umeshatoka. Nitatembea kwenye njia ya nyumba, nitakimbia uwanjani tu. Nikipita mlangoni kwake nitasalimu kwa sauti. Siku iliyofuata nikapita nyumba hadi nyumba kuwaambia wengine. Kwa hiyo kabla sijakimbia mita mia moja za haki, nilikuwa nimeshaongea na nyumba kumi na nne.

NGUVU ZA JEMBE

Mzee mmoja wa kanisa hakuridhika. Aliniita pembeni baada ya ibada. "Mwanangu," akasema, "chakula kimepungua, wewe unamwaga nguvu za jembe uwanjani. Hiyo siyo dhambi?"

Swali hili si la kudharau. Tangu mwaka 2023 msaada wa chakula kwa wakimbizi hapa Uganda unatolewa kwa makundi kufuata uhitaji, na kuna nyumba zilizobaki na kidogo sana na nyingine zisizo na kitu. Basi nilikaa nikapiga hesabu. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70 akikimbia kilomita moja anatumia karibu kalori 70. Gramu 100 za unga wa mahindi zinatoa karibu kalori 350. Kwa hiyo kilomita tano zinakula kama gramu 100 za unga, na mwanafunzi wa kukimbia anayeanza na kilomita moja na nusu au mbili anakula kama gramu 40 au pungufu. Si nyingi. Lakini si bure pia, na kwa nyumba yenye watoto sita na mfuko ulioisha, gramu hizo ni za mtoto.

Jibu langu kwa mzee lilikuwa hili, na bado nalishikilia. Asiyekula vya kutosha asikimbie. Mama anayenyonyesha na kula mlo mmoja asikimbie. Anayelima kutwa nzima, mwili wake tayari unafanya kazi ambayo nesi aliniagiza mimi. Lakini mimi nilikuwa mtu wa kukaa: nakaa ofisi ya kanisa, nakaa kwenye mikutano, nakaa kusuluhisha ndoa za watu. Presha iliyonipata isiponiacha, watakaobeba mzigo ni mke wangu na watoto. Kuna ubadhirifu wa nguvu zinazotumika, na kuna ubadhirifu wa mwili unaoachwa uharibike. Kila mmoja ajipime mbele za Mungu yuko upande gani. Hata Eliya chini ya mretemu hakuhubiriwa kwanza. Malaika alimpa mkate na maji, akala, akalala, akapewa tena, ndipo akaanza safari ya siku arobaini mpaka Horebu. Chakula kilitangulia mwendo.

Mzee alisikiliza, akasema, "Haya, lakini siku ya kulima usiniambie umechoka." Neno hilo nalo nililikubali.

MISTARI KUMI NA MINNE

Sasa nafika mahali panaponiumiza. Mwanangu wa miaka tisa alifurahi kuliko wote. Alichukua mkaa, akawa anachora mstari mmoja ukutani kila asubuhi niliporudi. Nilikimbia siku tisa mfululizo, bila kupumzika hata moja, kila siku nikitaka kupita ya jana. Siku ya tisa mfupa wa mbele wa mguu, chini ya goti, ulianza kuuma hata nikikanyaga taratibu.

Baadaye nilielewa kilichotokea. Kwa mtu anayeanza, moyo na mapafu huzoea mapema kuliko mifupa na kano. Baada ya wiki moja unajiona una pumzi, unaongeza, lakini miguu bado haijajengeka. Pumzi inakudanganya.

Siku ya kumi sikuweza kukimbia. Nilitoka nyumbani saa ile ile, nikamsalimu mama jirani kwa sauti kama tulivyopatana, nikaenda kukaa nyuma ya kanisa kwenye benchi, nikarudi. Mwanangu akauliza, "Baba, umekimbia?" Nikasema ndiyo. Akachora mstari. Ikawa hivyo siku tano.

Jiulize, ndugu yangu: nilimkosea nani? Ahadi ya kukimbia ilikuwa juu ya mwili wangu. Faida ni yangu, hasara ni yangu. Watu wenye akili husema kwamba ahadi ya mtu kwa nafsi yake si ahadi kamili, kwa sababu anayedai na anayedaiwa ni mtu mmoja, na mwenye deni lake mwenyewe anaweza kujisamehe wakati wowote. Nikikukopesha shilingi elfu kumi, ni mimi tu ninayeweza kukusamehe. Nikijikopesha mimi mwenyewe, nikajisamehe, nani atalalamika? Kwa hoja hiyo maazimio yote ya mwaka mpya ni mchezo, na kuyaacha mwezi wa pili hakuna kosa.

Nilikaa na hoja hiyo kwenye lile benchi na nilitaka sana iwe kweli. Lakini ina tundu. Ningejisamehe kweli, ningesema wazi: mguu unauma, nimeacha. Hakuna ambaye angenilaumu. Kumbe sikujisamehe. Nililificha deni. Nililazimika kulificha kwa sababu halikuwa tena kati ya mimi na mimi. Nilikuwa nimelisema kanisani, nyumba kumi na nne zilikuwa zimebadilisha hofu yao kwa kuamini neno langu, na mtoto alikuwa anajifunza kutoka ukutani kwake neno la mtu mzima lina uzito gani. Ahadi kwa nafsi yako ikishatoka mdomoni, wapo wanaoishi kwa kuitegemea bila wewe kujua.

Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 18, yupo kijana Ahimaasi aliyetaka kukimbia kumpelekea Daudi habari za vita. Yoabu alimuuliza kwa nini akimbie na hakuna malipo. Akakimbia tu, akampita Mkushi aliyetangulia. Alipofika mbele ya mfalme, akaulizwa juu ya Absalomu, alijibu kwamba aliona msukosuko tu, hakujua ni nini. Lakini Yoabu alikuwa ameshamwambia kwamba mwana wa mfalme amekufa. Miguu yake ilikuwa mizuri kuliko ya wote, ila neno lake halikufika. Nami niliona bora kuwa na miguu mibovu na neno zima.

Jioni ya siku ya tano nilimwita mwanangu mbele ya ukuta. Mistari ilikuwa kumi na minne. Nikamwambia, "Mitano si ya kweli. Nilikaa nyuma ya kanisa." Alitazama ukuta kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Ni ipi, Baba?" Sikuwa na jibu. Mistari yote ilifanana. Alichukua kitambaa chenye maji akafuta mitano ya mwisho, lakini najua kwamba kwa siku kadhaa aliitazama hata ile tisa kwa wasiwasi. Hiyo ndiyo hasara ya uongo, ndugu: unaharibu na ukweli uliotangulia.

KUANZA UPYA KWA KIPIMO CHA KWELI

Nilipumzika wiki mbili. Kisha nilianza tena, safari hii kwa agizo la nesi ambalo nilikuwa nimeliacha.

Mwaka 1996 kijana mmoja wa Marekani, Josh Clark, alitunga mpango wa kumsaidia mtu asiyewahi kukimbia, akimfikiria mama yake mwenyewe. Mpango huo una wiki tisa, siku tatu kwa wiki, si zaidi. Katika wiki ya kwanza unatembea haraka dakika tano, kisha unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unarudia hivyo mpaka dakika 20 ziishe. Kidogo kidogo muda wa kukimbia unaongezwa, mpaka wiki ya tisa unakimbia dakika 30 bila kusimama. Mwendo uwe ule unaokuwezesha kuongea sentensi nzima. Ukishindwa kuongea, umezidisha.

Sekunde 60! Nilipoambiwa niliona aibu. Mtu aliyesimama mbele ya kanisa na kutangaza kila asubuhi, sasa akimbie dakika moja kisha atembee kama anayetafuta mbuzi aliyepotea. Lakini ndipo nilipoelewa kosa langu la mkesha. Ahadi yangu ya kwanza ilikuwa kubwa kwa sababu niliitoa ili isikike vizuri. Sikuipima kwa miguu yangu, niliipima kwa makofi. Ahadi ya namna hiyo ina uongo ndani yake tangu siku ya kwanza, hata kama mwenye kuitoa anaiamini. Mhubiri, katika sura ya 5, anatuonya juu ya mtu anayeharakisha kinywa chake mbele za Mungu. Nilikuwa nimesoma sura ile mara nyingi nikidhani inasema juu ya watu wengine.

Siku ya kwanza ya kuanza upya nilimwambia mama jirani mpango wote: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Akauliza, "Ile ya kutembea haraka, na mimi naweza?" Wiki iliyofuata alikuja, kitenge kimefungwa vizuri, na ndala mkononi mpaka tufike kwenye majani. Mke wangu naye akaja, na hilo lilinyamazisha maneno ya watu kabla hayajaanza. Mwanangu akawa mshika saa. Wiki ya kumi na mbili, si ya tisa, nilimaliza dakika 30. Mama jirani mpaka leo hakimbii, anatembea. Lakini aliniambia jambo ambalo nimeliweka moyoni: kwamba sasa akisikia miguu ya mtu njiani asubuhi, kabla ya kushika mfuko wa karatasi anasikiliza kwanza. Zamani hakuwa anasikiliza.

WALIOTUTANGULIA

Tusidhani sisi ni wa kwanza. Mwaka 2015 katika kambi ya Kakuma, Kenya, kulifanyika mashindano ya kuchagua wakimbiaji, yakiongozwa na Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994. Mwaka 2016 vijana watano wazaliwa wa Sudani Kusini waliotoka kambini humo walishiriki Olimpiki ya Rio katika timu ya kwanza ya wakimbizi, na Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyebeba bendera ya timu hiyo. Hakuna aliyepata medali. Lakini dunia iliona watu waliokimbia bila kusema kwaheri wakikimbia sasa kwa majina yao, katika saa iliyotangazwa.

Na wazee mnamkumbuka John Stephen Akhwari wa Tanzania. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alianguka, goti likaumia vibaya, akaendelea huku amefungwa bandeji. Alifika wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alipoulizwa sababu alieleza kwamba nchi yake haikumtuma kuanza tu, ilimtuma kumaliza. Majina ya wengi waliomtangulia siku ile tumeyasahau. Lake tunalo, kwa sababu mbio zake zililingana na neno lililomtuma.

Lakini nami naongeza tahadhari. Akhwari alikuwa mwanariadha wa kiwango cha dunia. Wewe na mimi goti likiumia tusimame, na tuseme kwamba tumesimama. Kumaliza kwetu ni kusema ukweli na kurudi tena.

KWA NINI JAMBO DOGO HILI NI KUBWA KWETU

Msomaji mmoja atasema: Shemasi, watu wanangoja jibu la faili zao miaka, watu wana ndugu waliopotea, nawe unaandika kurasa juu ya kukimbia dakika moja. Ni kweli. Sikuandika kwa sababu mbio zinaponya hayo. Haziponyi.

Niliandika kwa sababu hii. Tazama mwaka wetu ulivyo. Siku ya kupokea chakula hatuiweki sisi. Siku ya mahojiano hatuiweki sisi. Siku ya kurudi kwetu, au ya kuhamishwa nchi nyingine, hakuna mwenye kuijua kati yetu. Mtu akikaa miaka mingi katika hali ya kungoja neno la wengine, polepole anaacha kutoa neno lake mwenyewe. Anazoea kusema "tutaona". Watoto wanakua wakisikia "tutaona". Na siku nafasi inapokuja ya kuahidi, anaahidi jambo kubwa mno, kwa sababu ameshasahau neno la kweli lina ukubwa gani.

Ahadi ndogo inayoweza kutimizwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa inamrudishia mtu kitu hicho. Haibadilishi faili, lakini inasema kwamba katika wiki hii yenye siku saba, siku tatu nilisema nitakuwa mahali fulani, na nilikuwepo. Lugha yetu ina neno la tatu kutoka katika kitendo kile kile: kukimbilia. Sisi Wakristo tunasema Mungu ndiye kimbilio letu. Nimefikiri kwamba labda njia ya kutoka kukimbia mpaka kukimbilia inapita hapa, kwenye neno dogo linalotangulia miguu.

Kwa hiyo, ndugu uliyeahidi jambo kwenye mkesha huu, nakusihi ufanye mambo haya manne:

1. Ipime upya ahadi yako kwa miguu yako, si kwa makofi. Ikiwa ni kubwa mno, ipunguze sasa, hadharani, kabla hujaivunja kwa siri.

2. Waambie wale ambao ahadi yako itawagusa, hata kama hawakuwepo kanisani. Ukitaka kukimbia, anza na jirani mwenye kumbukumbu nzito.

3. Kama ni kukimbia, muone nesi kwanza ikiwa una presha, sukari au maumivu ya kifua. Kula kabla ya kufikiria kilomita. Pumzika siku moja kati ya siku mbili.

4. Ukianguka, sema siku hiyo hiyo. Usisubiri mstari wa tano.

Mwaka huu sikusimama kwenye mkesha. Mchungaji aliniita, nikatikisa kichwa. Asubuhi yake nilimwambia mwanangu kwamba Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nitaendelea, na nikiumwa nitamwambia. Ameshapaka ukuta udongo mpya, na mpaka naandika haya kuna mistari mitatu. Hakuuliza kama ni ya kweli. Kwa sasa anakuja mwenyewe uwanjani kuihesabu.

Mungu awape neno lililo ndogo na zima, na miguu ya kulifuata. Amina.

Ni mimi shemasi wenu.